Makala za redio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kunasa, kukata na kuomba ruhusa

Maswali haya nimeyaokota kwenye mafunzo ya vijana wa redio za jamii, kwenye meseji za usiku wa manane, na kwa wanafunzi wanaotaka kuanzisha podikasti. Sikuyapanga kwa umuhimu. Anayejibu ni mtu aliyekata sauti miaka mingi Kanda ya Ziwa na kuharibu nyingi, kwa hiyo kuna majibu yatakayokukera.

Makala ya redio ni nini hasa? Si ni habari ndefu tu?

Habari inakuambia dagaa wamepanda bei. Makala inakushusha mwaloni saa kumi na moja alfajiri, unamsikia mama akihesabu ndoo kwa sauti, akifika ya sita ananyamaza. Ukweli unaodaiwa kwenye habari ndio huohuo unaodaiwa kwenye makala.

Kwa hiyo makala ni hadithi?

Ni hadithi, ila kuna kipande cha utangulizi wetu lazima kibaki nyumbani. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" tunaitikia: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Utamu kolea tunaingia nao studio. Uongo njoo hapana. Watoto wanaozunguka jiko wanajua sungura haongei, maana walishapewa taarifa kabla hadithi haijaanza. Msikilizaji aliyefungua redio katikati ya kipindi huku akichambua mchicha hakupewa taarifa yoyote.

Mchezo wa redio unaruhusiwa kuwa na uongo njoo kwa sababu unajitaja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, watu walimfahamu Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, wakamcheka, wakamlaani, na walijua ni mchezo. Mchezo ule ulichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba kwa miaka 2 ya mwanzo Dodoma haikurushiwa, ili watafiti walinganishe na mikoa iliyousikia kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI.

Hatari huanza pale uongo unapovaa nguo za habari. Wengi wanaujua mchezo wa Orson Welles wa tarehe 30 Oktoba 1938 kule Marekani, ule wa wavamizi kutoka Mars, uliotengenezwa kama taarifa za dharura zinazokatiza muziki. Taharuki ya waliodhani ni kweli ilitiwa chumvi sana na magazeti ya kesho yake. Kisa cha Quito, Ecuador, ndicho ninachowasimulia vijana. Februari 1949 Radio Quito ilirusha mchezo huohuo kwa Kihispania. Watu walipoambiwa kuwa ni mchezo tu, hasira zao ziliishia kwenye jengo la redio, lililokuwa pia na gazeti la El Comercio. Likachomwa moto, na watu wakafa.

Simu inatosha kuanzia?

Inatosha. Nimesikia makala nzuri zilizonaswa kwa simu ya kawaida, na nyingine mbovu zilizonaswa kwa mashine ya bei ya pikipiki. Kinachoua sauti ni umbali. Kipaza sauti kikae shibiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, ili herufi za "p" na "b" zisidunde kama ngoma. Mwambie mtu aseme "papai bovu" halafu usikilize, utaelewa. Akigeuza shingo, mfuate. Usimkabidhi kipaza sauti akishike mwenyewe, maana mtu akishika kipaza sauti anahutubia: ataanza na "kwanza kabisa napenda kumshukuru Mungu" na kumaliza na "ahsanteni kwa kunisikiliza".

Vaa hedifoni. Bila hedifoni hutajua kuwa bangili zake zinalia, wala kuwa simu iliyo mfukoni mwako inaingiza mlio. Iweke simu kwenye hali ya ndegeni. Upepo unazuiwa na sponji ya manyoya, na ukikosa, soksi safi inasaidia kuliko watu wanavyoamini. Mgongo wako pia ni ukuta, uelekeze upepo unakotoka.

Nasa kwa WAV, aina ya faili isiyominya sauti. Ukichagua kilohezi 48 na biti 24, stirio, saa moja inakula takribani gigabaiti moja, na ukichagua mono ni nusu ya hapo. Kadi za siku hizi zinaimudu hiyo bila shida. Kipimo cha sauti kicheze kati ya desibeli -12 na -6. Sauti iliyonaswa chini mno huinuliwa, lakini iliyopasuka haishoneki tena. Sauti za WhatsApp zimeshaminywa kabla hazijakufikia, kwa hiyo zitumie pale tu ambapo mtu hafikiki, na msikilizaji aambiwe.

Nyuma kuna redio ya jirani inapiga muziki. Nitautoa kwenye kompyuta?

Huutoi. Nenda kamsalimie jirani, umwombe apunguze. Muziki nyuma ya sauti ndio adui mkubwa wa mhariri kwa sababu kila ukikata sentensi wimbo unaruka, na msikilizaji anajua umekata.

Kabla hujaondoka mahali popote, nasa dakika nzima ya ukimya wa hapohapo: bati linalolia juani, kuku mbali, mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara. Hicho ndicho kitambaa chako cha viraka. Ukikata neno, unaziba pengo na ukimya wa nyumba ileile. Ukimya wa studio hautashika.

Nikikosa sauti ya mazingira, naweza kuitengeneza au kuitoa mtandaoni?

Niliwahi. Nilikwenda mwaloni kufanya makala ya uvuvi wa dagaa, kichwani nimeshaandika ufunguzi: giza, maji, na karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, ikivuma. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa mwaloni analijua, kwamba dagaa huvuliwa wakati wa giza. Mwezi ukijaa, taa haiwakusanyi, mitumbwi inabaki nchi kavu na wavuvi wanashona nyavu. Nilifika mwezi umejaa. Nikapata mahojiano mazuri, sikupata usiku wa uvuvi.

Kurudi kituoni, mwenzangu akakumbuka karabai ya marehemu baba yake. Tukaipampu nyuma ya studio, ikavuma vizuri mno. Nikaongeza ndoo ya maji tuliyoikoroga kwa mkono. Makala ikaenda hewani, tukapongezana. Asubuhi simu ikapigwa na mvuvi mmoja kati ya wale niliowahoji. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu: "Dada, ile karabai ulimkuta nayo nani? Sisi hapa tulishahamia taa za sola, mwaka wa tatu huu."

Sikuwa na jibu. Kumbe makala niliyoikosa ilikuwa mikononi mwangu: mwezi umejaa, hakuna anayevua, wanaume thelathini wanashona nyavu kimyakimya na kukopa unga dukani wakisubiri giza. Tangu siku hiyo sheria yangu ni fupi. Sauti ya mahali itoke mahali pale, wakati ule. Ukihitaji ya siku nyingine, sema ni ya siku nyingine. Jogoo wa maktaba ya mtandaoni hata kuwika anawika kigeni.

Watu wananijibu kama wako polisi. Nifanyeje?

Huenda ulitoa kinasa sauti kabla ya salamu. Kwetu salamu ina urefu wake: shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mvua, watoto. Kinasa sauti kikae juu ya mkeka muda wote huo, kionekane, kimezimwa, mpaka kizoeleke kama kikombe. Halafu mwulize mtu amekunywa nini asubuhi, upime kiwango cha sauti yake akiwa anacheka.

"Ulijisikiaje?" ni swali la uvivu, jibu lake linajulikana: nilijisikia vibaya. Mwambie akuonyeshe aliposimama. Mwulize ni nani wa kwanza kumpigia simu, alikuwa amevaa nini, sufuria ilikuwa na nini jikoni. Akimaliza kujibu, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi saba. Ukimya utakutia aibu wewe na yeye, na mara nyingi ni yeye atakayeujaza, kwa sentensi ambayo hukujua kuiuliza.

Jambo moja linatutesa sisi zaidi. Tumelelewa kuitikia: "ehee", "naam", "kumbe!", "haki ya Mungu!" Mtu akisimulia usipoitikia ni utovu wa adabu. Lakini kila "ehee" yako inakaa juu ya neno lake na haitoki. Mweleze mapema kwamba utaitikia kwa kichwa na macho, na utoe macho kwelikweli.

Amesema "sawa mwanangu". Hiyo ni ruhusa?

Ni heshima. Ruhusa inaweza kuwamo au isiwemo. Fikiria umefikaje pale: umeletwa na mwenyekiti wa kijiji, umevaa kitambulisho shingoni, umeketishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Nani atakukatalia? Kazi yako ya kwanza ni kumpa mtu nafasi ya kukataa bila kuona haya. Mwenyekiti mshukuru, umwombe akanywe chai. Mbele yake hakuna mwanakijiji atakayesema mabomba hayatoi maji.

Kisha eleza kwa maneno ya kawaida: mimi ni nani, natoka redio gani, kipindi ni cha siku gani saa ngapi, na kwamba sauti hii itakaa mtandaoni. Hapo ndipo wengi wanakwama. Mzee akisikia "redio" anafikiria kitu kinachopita hewani na kuisha. Mwambie hakiishi. Mpwa wake aliye Muscat anaweza kukisikiliza mwakani, na mtu aliyegombana naye pia. Nimeona watu wakibadili mawazo hapo, na walikuwa na haki.

Omba tena baada ya mahojiano. Mtu hajui amekuruhusu nini mpaka amalize kusema. Inase na hiyo ruhusa ya pili. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aridhie na mtoto mwenyewe aridhie, na mmoja akisita unafunga begi. Zipo sheria pia: Kenya ilipitisha ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania ya taarifa binafsi mwaka 2022. Zisome. Ila sheria haitakuambia kuwa binti wa miaka 19 aliyekueleza habari za mimba yake akiwa amechangamka ataionea aibu sauti hiyo wiki ijayo akienda kisimani.

Kuna kitabu cha maadili cha kufuata?

Vipo. Baraza la Habari Tanzania lina kanuni zake na Kenya ina Baraza la Vyombo vya Habari. Soma moja hata kama huipendi. Wenzangu wa rika langu tulilelewa na swali la Leonard Mambo Mbotela, ambaye kuanzia mwaka 1966 aliuliza kwenye redio ya taifa ya Kenya: "Je, huu ni ungwana?" Mbotela huyohuyo, Agosti mosi 1982, alichukuliwa nyumbani na wanajeshi waasi akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Namkumbuka kila kijana anapodhani mtangazaji ndiye bwana wa kipaza sauti.

Nimlipe ninayemhoji?

Kumlipia maneno, hapana, maana akishalipwa atakupa unachokitaka. Lakini mama aliyefunga genge lake saa mbili nzima kwa ajili yako amepoteza kipato. Nunua nyanya zake. Rudisha nauli ya aliyekufuata mjini. Ukila chakula cha watu, usiende mikono mitupu. Ukiona kitu ulichotoa msikilizaji angependa kukijua, kiseme kwenye makala.

Na bahasha unayopewa wewe na mwenye semina, ya "nauli", yenye fedha ya kuzunguka mkoa mzima mara tatu? Unajua jibu. Najua pia mshahara wenu ulivyo, na kwamba wengine hawana hata huo. Wamiliki wanaotuma waandishi bila nauli wanajua vizuri nani atailipa, na lawama yangu nyingi iko kwao.

Mhojiwa wangu hazungumzi Kiswahili. Nafanyaje tafsiri?

Hapa ndipo redio zetu zinapotenda dhambi nyingi bila kujua.

Bibi mmoja alinisimulia kwa Kisukuma, karibu dakika 2, bila kupumzika, akikunja vidole kimoja kimoja. Mkalimani wetu, kijana wa palepale, akageuka: "Anasema maisha ni magumu." Nikaandika hivyo. Nikakaribia kurusha hivyo. Kilichoniokoa ni vidole: mtu hakunji vidole kusema maisha ni magumu. Mjini nikawapa watu wawili sauti ile, kila mmoja peke yake, waiandike neno kwa neno. Bibi alikuwa anahesabu ng'ombe. Huyu tuliuza mzee alipolazwa. Huyu ada ya kidato cha kwanza. Huyu bati. Huyu jeneza. Kidole cha mwisho alikikunja akasema huyu hatukumuuza, huyu alikufa tu.

Kwa hiyo tafsiri ifanywe kutoka kwenye sauti yenyewe. Muhtasari wa uwanjani haufai. Sauti yake ianze peke yake, sekunde 3 au 4, ndipo ishuke na ya Kiswahili ipande, na mwishoni ya Kiswahili iondoke mapema ili bibi afunge mwenyewe. Anayesoma afanane naye kwa jinsia na umri, maana binti wa miaka ishirini akisoma ng'ombe wa bibi inakuwa tangazo la sabuni. Na Kiswahili unachompa kiwe cha mtu mzima mwenye akili zake. Usimvunjie lugha ili achekeshe, usimpe pia sentensi za BAKITA ambazo hata wewe huzitumii ukiwa na njaa.

Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi anayezungumza Kiswahili chake, usimfunike na sauti ya Dar es Salaam. Anaeleweka. Mpe msikilizaji sekunde kumi, sikio litamzoea. Ukiona neno moja litampotosha, lieleze kwenye simulizi yako kabla hajalisema.

Kukata kupi kunaruhusiwa?

Kata "yaani yaani", kata kikohozi, kata aliporudia. Hakuna atakayedhulumika. Ila Kiswahili kina mtego ambao mafunzo ya wazungu hayautaji: ukanushi wetu uko mwanzoni mwa neno na mara nyingi ni silabi moja. Kipanya kikiteleza nusu ya kidole, "hawatalipwa" inakuwa "watalipwa". "Hatutaondoka" inakuwa "tutaondoka". "Si kweli" inabaki "kweli". Sikia kila mshono mara tatu, mara moja ukiwa umefumba macho.

Mtego mwingine ni kuhamisha. Alicheka kwenye swali la tatu, ukakipeleka kicheko kwenye swali la tano kuhusu mkewe wa zamani. Kila sauti ni yake, kila neno ni lake, na umesema uongo. Vilevile usibadili swali. Kama uliuliza "Je, mliwahi kulalamika?" akasema "hapana", usiandike kwenye simulizi: "Nilimuuliza kama ana ushahidi." Kupanga upya kunaruhusiwa iwapo mwenye sauti akisikia atasema "ndiyo, ndivyo nilivyomaanisha". Mimi huwafanyia hivyo wachache kila mwaka, nampigia mtu simu na kumchezea kipande chake. Kuna wahariri wanaona ni kosa kumsikilizisha mhojiwa kabla ya kurusha. Kwa mwanasiasa nakubaliana nao. Kwa mjane, hapana.

Nimempata mtu anasimulia vizuri ajabu. Kila sentensi ni dhahabu. Kuna tatizo?

Kuna kazi. Januari 2012 kipindi maarufu cha redio cha Marekani, This American Life, kilirusha simulizi ya msanii wa jukwaani Mike Daisey kuhusu viwanda vya Shenzhen vinavyotengeneza bidhaa za Apple. Ilikuwa na kila kitu: mkono uliolemaa, watoto wadogo kazini, machozi. Watayarishaji walimwomba namba ya mkalimani wake wa kule China. Akasema haipatikani tena. Wakaendelea bila yeye. Mwandishi wa redio aliyekuwa akiishi China, Rob Schmitz, akamtafuta mkalimani, akampata, na mama yule akasema mengi ya yale hakuyaona. Machi kipindi kikatumia saa nzima kuiondoa makala yake na kueleza kilivyokosea. Watu wengine walikuwa wameshaandika kweli kuhusu shida za viwanda vile. Daisey alitaka awe ameziona yeye.

Gazeti la New York Times lilianguka shimo hilohilo. Podikasti yake ya mwaka 2018, Caliphate, ilimtegemea mtu wa Canada aliyedai aliwahi kuua akiwa na kundi la Dola la Kiislamu Syria. Desemba 2020 gazeti likakiri kuwa halikumthibitisha ipasavyo, likarudisha tuzo ya Peabody.

Funzo kwa mtu wa kituo kidogo ni la vitendo. "Namba yake haipatikani" ni sababu ya kusimamisha makala. Uliza jina la zahanati, mwaka, nani alikuwepo, kisha nenda kwa huyo aliyekuwepo. Msimulizi hodari si lazima awe mwongo. Lakini sikio lako likishalewa utamu, miguu yako haitaki tena kwenda kuuliza, na hilo nalijua kwa miguu yangu mwenyewe.

Nimefika msibani. Nianze kunasa kilio?

Kaa kwanza. Toa rambirambi kama mtu. Kilio cha jumla cha msiba kinaweza kunaswa kwa mbali kama familia imeridhia, lakini mama anayelia jina la mtoto wake usimwekee kipaza sauti shibiri moja. Ukiona lazima kilio kisikike, sekunde tano zinatosha. Ukirefusha unawatesa waliofiwa kwa ajili ya wasiofiwa. Mahojiano na mfiwa yangoje baada ya arobaini ikiwezekana. Utapata zaidi.

Ameomba jina lifichwe. Nikibadilisha sauti kwa kompyuta inatosha?

Haitoshi. Kushusha sauti ikawa nene ni hila ambayo mtu mwenye programu ileile anaweza kuigeuza. Na kijijini mtu hajulikani kwa unene wa sauti. Anajulikana kwa kikohozi, kwa "wallahi" yake, kwa mbwa wake anayesikika nyuma, kwa ukweli kwamba ni yeye pekee mwenye watoto mapacha na duka la mbolea. Andika maneno yake, mpe mtu mwingine ayasome, na useme hewani kwamba sauti si yake. Kisha ondoa mapacha.

Vipindi vya mizaha ya simu na kupatanisha wapenzi vina wasikilizaji wengi. Ubaya uko wapi?

Anayepigiwa hakuchagua kuwa kipindi. Desemba 2012 watangazaji wa 2Day FM ya Sydney, Australia, walipiga simu hospitali moja ya London wakijifanya familia ya kifalme. Muuguzi aliyewaunganisha simu alijiua siku chache baadaye. Hakuna aliyekusudia hilo, kila mtu alikuwa anacheka.

Asubuhi zetu zimejaa simu za namna hii. Mwanamke yuko kazini, kwenye matatu au daladala redio imewashwa, anaulizwa mbele ya nchi nzima kama amemsamehe mume anayempiga. Nimesikia "ndiyo" ambayo haikuwa ndiyo. Kama lazima mfanye, mpigieni kwanza nje ya hewa, mwelezeni, mumwache akatae. Kipindi kitapungua kelele, najua.

Mpiga simu akitoa maneno ya chuki, nifanyeje?

Mkate, umkosoe hapohapo kwa sentensi moja, uendelee. Kituo chenye simu za moja kwa moja kiwe na mtambo wa kuchelewesha kwa sekunde chache na mtu ambaye kazi yake ni kitufe hicho tu. Na jueni msamiati. Chuki haiji kila mara na matusi. Huja na mafumbo ya shambani na jikoni. Kenya neno "madoadoa", ambalo kwa khanga ni sifa, limetumika kuwataja majirani wasiotakiwa.

Tunaosema Kiswahili ukanda huu hatuna kisingizio cha kutojua. Redio ya RTLM ya Rwanda ilianza kurusha Julai 1993. Ilipendwa. Ilikuwa na muziki mzuri, mizaha, watangazaji wanaoongea kama vijana wa kijiweni wakati redio ya taifa ilikuwa imekauka. Ufundi wote ninaowafundisha vijana, ukaribu, ucheshi, sauti ya mtaani, wao walikuwa nao, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, waliutumia kuwaita Watutsi mende na kuwaelekeza wauaji. Hukumu ya wakuu wa redio ile ilisomwa Arusha, Desemba 2003. Mtangazaji wao mmoja, Georges Ruggiu, alikuwa amekiri kosa mwaka 2000 akafungwa miaka 12.

Sauti bandia ya kompyuta isome simulizi yangu?

Kusoma matangazo ya hali ya hewa, sawa, mkisema hivyo. Kumsemesha mtu ambaye hakusema, hata kama maneno aliyaandika mwenyewe, bila kumwambia msikilizaji, hapana.

Makala iwe na urefu gani?

Dakika ambazo una sauti za kuzijaza. Wengi wana dakika 7 na wameahidi 30.

Nimekosea hewani. Nifute mtandaoni kimya kimya?

Usifute kimya kimya. Sema kosa kwenye kipindi kilekile, saa ileile, kwa sauti ileile uliyotumia kukosea. Mpigie aliyeumia kabla ya hapo, asisikie redioni. Kwenye faili la mtandaoni weka sauti yako mwanzoni ikieleza kilichorekebishwa. Ile ya karabai niliisahihisha Jumapili iliyofuata. Wasikilizaji walicheka, na mvuvi yule akanitumia dagaa.

Nikishamaliza, sauti ghafi nazo nizitunze?

Zitunze, sehemu 2 tofauti, na jina la faili liwe na tarehe, mahali na nani, ili mtu mwingine azipate. Tuligawana kadi tatu kituo kizima, kila Ijumaa tunafuta. Siku moja vijana wawili wakafika getini kuuliza kama bado tuna sauti ya baba yao, fundi wa mitumbwi niliyemhoji miaka 2 nyuma. Amefariki, wakasema, na nyumbani hakuna hata video. Nilikuwa na dakika 4 zilizorushwa. Saa nzima aliyonieleza jinsi ya kuchagua mti, akigonga mbao kunisikilizisha ipi imekauka, niliifuta kunasa semina ya halmashauri. Niliwapa zile dakika 4 kwenye flashi. Siku hizi, kabla makala haijarushwa, nakala ghafi huwa imeshakwenda kwa mwenyewe.